Mkwe Asiyeingia Ghalani

Msimamizi mpya wa ghala letu la Lubumbashi alinipigia simu siku chache tu baada ya mimi kustaafu. Hakuuliza bei wala wateja. Aliuliza kwa nini ofisini kuna viti viwili vilivyopeana mgongo, na kama anaweza kuvigeuza ili chumba kifanane na ofisi. Nilimwambia asiviguse mpaka nimwandikie. Basi nimekaa hapa Lamadi, magari ya Mwanza na Musoma yananipigia honi dirishani, naandika. Na wengine wa kampuni mkitaka kusoma, someni. Vyeo nilivyopanda na mshahara nilioupata mtavikuta kwenye faili, na havitamsaidia yeyote kuuza dagaa.

Kazi niliianzia kwenye uwanja wa kuanikia, hapa hapa Lamadi. Aliyenipokea ni Mzee Bugumba, mpokeaji wa mzigo, mtu aliyenuna tangu asubuhi mpaka jioni na bado wauzaji wakampenda. Siku ya kwanza alinipa bakuli la maji na konzi ya dagaa, akaniambia niwamwage humo. Wakaelea kidogo, wakazama, na chini ya bakuli ukabaki mchanga. Hao walikuwa wameanikwa chini. Akanipa konzi nyingine, ya waliokauka kwenye chanja, maji yakabaki meupe. Hakueleza kitu. Alisubiri nimwambie mwenyewe nilichokiona, na nilipokosea alirudia upya na uso ule ule.

Yeye ndiye aliyenizuia kutumia bambo, kile chuma chenye ncha wanachochomea magunia ya mahindi. Dagaa ukiwachoma na bambo unavunja wengi na kujua machache. Unafungua mshono, unazamisha mkono mpaka kiwiko, unatulia. Dagaa walioloa njiani, hata wakikauka juu, ndani wanatoa joto, na mkono utalisikia kabla ya pua. Mkono wangu wa kulia ulinuka dagaa kwa miaka yote ya kazi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema ananitambua gizani kwa mkono huo, na sikujua kama ananisifu.

Siku hizo wanunuzi wa Kongo walikuja wenyewe mpaka Lamadi. Bosi wetu akaamua sisi ndio tuwafuate, tufungue ghala kwao. Akanichagua mimi kwa sababu, kwa maneno yake, nilijua dagaa na nilikuwa na mdomo. Kunisaidia akanipa Ngasa, mtunza ghala kutoka Kimali, kule Meatu. Ngasa alizaliwa kwenye ng'ombe akakulia kwenye ng'ombe. Alipoajiriwa alikuwa hajawahi kula dagaa, na mwezi wa kwanza aliwaita wadudu. Lakini hakuna mtu aliyejua kufunga mzigo kwenye lori kama yeye, na adabu yake ilikuwa ya nyumbani kabisa. Alinisalimia akiwa ameinama, akaniita mayu, yaani mama, hata pale ambapo nilikuwa nimetoka kumfokea.

Mtakaotumwa kufungua biashara nchi ya watu, sikilizeni haya machache. Karatasi za Lubumbashi ni za Kifaransa, na karatasi usiyoisoma isomewe na watu wawili wasiofahamiana, kila mmoja kwa wakati wake, kabla hujatia saini. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni hawaipokei, kwa hiyo kagua kila noti ungali Tunduma. "Jambo", ambalo sisi tumewaachia watalii, wao wanalisema kwelikweli, na ukilijibu kwa kucheka umeshamkosea mtu. Na unapotafuta ghala, chukua lenye mlango wa nyuma. Mimi nililichukua kwa ajili ya hewa. Matumizi mengine ya mlango huo yalikuja baadaye.

Tulipofungua, hakuja mtu. Dagaa wetu, ambao kule wanawaita ndakala, walikuwa wazuri, tumewapanga vizuri, mlango wa chuma uko wazi, na wanawake wa soko wanapita na makarai yao kichwani, wanachungulia, wanasema jambo, wanakwenda zao. Ngasa alifagia ghala mpaka saruji ikaanza kumeng'enyuka. Bosi alipiga simu kila jioni, na kila jioni nilimwambia mambo yanakwenda. Jirani yetu, fundi cherehani aliyeitwa Papa Ilunga, ndiye aliyenionea huruma. Aliniambia hakuna mwanamke wa soko lile atakayenunua kwangu mpaka Mama Kalenga awe amenunua kwanza.

Mama Kalenga alikuja siku aliyotaka mwenyewe. Alikuwa mnene, mwenye kitenge cha gharama na funguo nyingi kiunoni, na hakugonga mlango. Mlango aliusukuma, ndivyo alivyoingia kila mahali. Alichukua konzi ya dagaa kutoka chini ya gunia, nikajua huyu ni mtu wa aina ya Mzee Bugumba. Akaagiza jiko la makaa, akawapika palepale bila nyanya wala mafuta, akala taratibu, na kunawa mikono. Kisha akaniambia sharti lake, ambalo ndilo biashara yote ya Lubumbashi ilisimama juu yake.

"Mama, kama mzigo iko na tatizo, uniambie mbele nifungue gunia. Gunia ikifika sokoni, haiko tena mzigo yako. Iko jina yangu."

Kwao mbele ni kabla. Nikampa neno langu. Tangu siku hiyo alichukua sehemu kubwa ya kila lori na kuwagawia wanawake wenzake, na wao wakawauzia watu kwa kopo. Magunia yake tuliyaweka siku zote karibu na mlango wa mbele, ili mikokoteni yake isihangaike. Hata nisipokuwapo alikuja, akakuta yake yako pale, akapakia na kwenda. Hiyo ndiyo biashara ninayoipenda, ambayo mtu hahitaji kukutazama machoni kila saa.

Alikuwa na binti, Bea, aliyekuja naye kuhesabu magunia. Ngasa akaanza kuoga mara mbili kwa siku. Sikusema kitu, maana ghala lilinuka vizuri zaidi. Mambo yalipoiva, mjomba wake alikuja kwa basi kutoka Kimali, akakaa na wazee wa upande wa Mama Kalenga. Ng'ombe hawapandi basi, kwa hiyo mahari ilikwenda kwa namna ambayo pande zote mbili ziliridhika. Tukala mbuzi, tukacheza, na maharusi wakahamia chumba kilicho nyuma ya ghala. Kesho yake asubuhi Mama Kalenga alisukuma mlango kama kawaida yake, na Ngasa akatokea mlango wa nyuma akiwa na ndala moja mguuni.

Kwa wasiojua, kwetu Usukumani, hasa kwa watu wa ndani kama Kimali, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hali naye, hampi mkono, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapita kando. Si chuki, ni heshima, na mtu akimpenda mkewe huishika zaidi. Sisi wa ziwani tumechanganyika na watu wengi, tumelegea. Mume wangu alimsalimia mama yangu kutoka upande wa pili wa uwanja, basi, mambo yameisha. Ngasa hakuwa amelegea.

Mwanzoni Mama Kalenga alicheka. Aliniuliza kijana anakimbia nini, kwani yeye ni polisi? Nikamweleza. Akasema kitu kama hicho kilikuwako kijijini kwa bibi yake, lakini hapa ni mjini, na hapa ni sokoni. Hata hivyo alivumilia. Tukazoea. Yeye akiingia mbele, Ngasa anatoka nyuma, na likiwapo la kuambizana linapita kwangu, au kwa Bea. Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza Kiswahili, na sikulipwa kwa kazi hiyo.

Sasa nakuja kwenye lori lile. Masika yalikuwa mabaya Lamadi na bosi aliniita nije nisimamie uchaguzi wa dagaa mwenyewe. Niliwachagua wazuri, nikawaona wakipakiwa, lori likaondoka, nami nikalifuata kwa basi baada ya kumaliza shughuli za ofisini. Huko njiani mvua ililikuta lori na turubai likachanika. Dereva alifunika alivyoweza. Mimi nilikuwa Zambia ndani ya basi, laini yangu ya Tanzania imekufa, sijui lolote. Bea naye alikuwa amekwenda Likasi kwenye msiba wa ndugu ya baba yake, simu yake imezimwa.

Lori likafika. Ngasa alifanya kila kitu nilichomfundisha. Alifungua mishono, akazamisha mkono, akasikia joto. Akayatenga magunia yaliyoloa, na kwa kuwa sehemu yenye hewa ya kutosha kuyafungua na kuyaanika ilikuwa mlangoni, akayapanga pale, karibu na mlango wa mbele. Mnaona. Alipoinuka kunyoosha mgongo, akaona kitenge cha mama mkwe wake kinakuja na mikokoteni.

Akatoka mlango wa nyuma. Alikimbilia kwa Papa Ilunga ili aje amsemee, akakuta cherehani imefunikwa. Akazunguka uchochoro kumtafuta, hakumpata, na aliporudi mlangoni palikuwa peupe, magunia yaliyoloa yameshapakiwa na kwenda. Akakimbia mpaka sokoni, akasimama kwenye kona ambako angeweza kuona kibanda cha mama mkwe bila yeye kuonwa. Alimsihi muuza nyama aende kumwambia Mama Kalenga, muuza nyama akasema hawezi kuwaachia mbwa nyama yake. Kumpigia simu aliona ni vibaya zaidi, sauti yake yeye iingie sikioni kwa mama mkwe bila mtu katikati. Alisimama pale mpaka jioni, na dagaa wale wakagawanywa, wakapimwa, wakaenda majumbani.

Nilipofika ghala lilikuwa limefungwa. Dagaa walikuwa wameota ukungu kwenye vyungu vya watu, wanunuzi wamewarudisha kwa kelele, na wanawake wa soko wamemwambia Mama Kalenga mbele ya watu kwamba ameingiwa na tamaa tangu apate mkwe mgeni. Naye alikuja ghalani, akasema hatanunua tena kwetu, na wenzake wote wakamfuata. Bea aliporudi kutoka Likasi, mama yake alimpokea stendi na kumpeleka nyumbani kwake moja kwa moja. Nguo zake zilifuatwa na watu.

Nilimkuta Ngasa amekaa juu ya gunia chumbani kwake. Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Nilimuuliza kama mdomo wake ulishonwa. Bosi alikuwa ameshasema kwenye simu kwamba kama soko halirudi tufunge, turudi nyumbani, na kila kitu tulichokijenga kilikuwa kinaondoka kwa sababu mtu mzima alitoka kwa mlango wa nyuma. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, taratibu, bila ubishi.

"Mayu, ningemwambia nikiwa nimesimama wapi?"

Hasira ikaniisha, nikaona huruma, maana huyu hakuwa amekosa adabu, alikuwa amezidisha. Na mke wake hakuwapo, na viatu vyake bado vilikuwa mlangoni.

Nilikwenda kwa Mama Kalenga peke yangu. Nikamwambia kampuni itabadilisha mzigo wote ule na wanawake wote watapewa mwingine, na hilo bosi alilikubali. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, hakuinua uso. Hakuwa anagombania magunia. Nikamweleza habari ya mlango wa nyuma, ya fundi cherehani, ya muuza nyama. Hapo ndipo alipoacha mchele.

"Minamupa mwana yangu," alisema. "Yeye ananipa samaki ya kuoza, na hana hata neno. Akuje hapa, aseme na kinywa yake, batu bote basikie. Bila vile, Bea atabakia kwangu."

Nikarudi na ujumbe huo, na Ngasa alitazama chini kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. Usiku ule hakula. Asubuhi nikampigia mjomba wake Kimali, nikamsalimia salamu zote zinazotakiwa, za watu na za ng'ombe, nikamweleza. Akasema bukwi, yaani mambo ya ukwe, si kitu cha kubadilishwa kwenye simu, na yeye mwenyewe hakuwahi kuuona uso wa mama mkwe wake vizuri mpaka siku walipomzika. Kisha akaniuliza swali.

"Huyo mama anataka kumwona, au anataka kumsikia?"

Nikasema anataka kumsikia. Akasema basi mwambie Ngasa atafute namna, na simu ikaisha salio.

Nilimfikishia Ngasa lile swali kama lilivyo. Alikaa nalo mpaka karibu na mchana. Mara nikamwona anachukua kiti kimoja cha ofisini, kile cha mbao chenye egemeo, anakiinua begani na kutoka nacho, na safari hii kwa mlango wa mbele. Nikamfuata. Alipita katikati ya soko na kiti chake, wanawake wakimcheka na kumwita fundi samani. Alipokaribia kibanda cha Mama Kalenga aligeuka, akaanza kwenda kinyumenyume, nami nikawa namwambia kushoto, kulia, usimkanyage mama huyu. Akaweka kiti chini, akaketi, mgongo wake ukiuelekea uso wa mama mkwe wake. Kicheko kikapungua, kikaisha.

Akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alisema magunia yaliloa na yeye alijua kabla ya mtu yeyote. Alisema mayu hakuwapo na Mama Kalenga hakuambiwa, na kwamba mama huyu hajawahi kumuuzia mtu kitu kibovu akijua. Alisema aliondoka kwa sababu kwao mtu hamkabili mama wa mke wake, na kwamba kama heshima yake kwa mama huyu ingekuwa ndogo, haya yasingetokea.

Nilimtazama Mama Kalenga. Yule mwanamke aliyesukuma kila mlango wa mji ule akainuka, akakishika kigoda chake, akakigeuza, akaketi tena, mgongo wake ukielekea mgongo wa Ngasa. Sasa wote wawili walikuwa wanatazama watu, kila mmoja upande wake.

"Kwa kambo yangu njo vile ilikuwa," aliwaambia wanawake wa upande wake. Kambo ni bibi. Halafu, bila kugeuka, akamjibu mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu harusi. "Minasikia, mwana."

Magunia mapya yalikuja na soko likarudi, taratibu, kopo kwa kopo. Kile kiti kilirudishwa ofisini na cha pili kikawekwa nyuma yake, na tangu hapo, mama akishaketi Ngasa anaingia kinyumenyume, na mambo ya mzigo wameyazungumza wao wenyewe, bei, uzito, mvua, yote, kila mmoja akitazama ukuta wake. Kazi yangu ya ukalimani ikafa na sikuililia. Nimeona mikataba mingi ya kiofisi iliyosainiwa kwa kutazamana na kucheka, ikavunjika. Wale wawili sijawahi kuona wamedanganyana.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi ni la jioni ya siku ile ile. Tulikuwa ghalani, mimi na Ngasa, tunapanga vitu ili mikono iwe na shughuli. Mlango wa mbele ukagongwa. Ulikuwa mlio wa funguo kwenye chuma, polepole. Nikainuka kufungua, nikashangaa mgongaji haingii, na sauti ya Mama Kalenga ikasikika kutoka nje.

"Ngoja kwanza, mama. Kijana atoke."

Ngasa akasimama. Nikasikia komeo la mlango wa nyuma likifunguliwa na kufungwa. Ndipo Mama Kalenga alipousukuma mlango, akaingia na begi la nguo mkononi, na nyuma yake Bea. Akaliweka begi chini, akanisalimia, akatoka. Bea akapita kati ya magunia mpaka mlango wa nyuma, akaufungua.

Kwa hiyo, bwana msimamizi, viti viache kama vilivyo. Na ukisikia mlango wa mbele unagongwa na anayegonga haingii, usikimbilie kumfungulia. Mpe Ngasa nafasi ya kutoka.